Majani ya Kufunika Chini ya Bwawa

Irente, Lushoto
11 Juni 2023

Mwanangu Alen,

Nakusalimu wewe na mkeo Scholastica. Sisi huku wazima, ila baridi ya mwaka huu imekuja na meno. Ukungu unaingia mpaka jikoni na kuku hawatoki bandani kabla ya saa nne. Mahindi tumevuna machache, maharage yamekubali. Jumapili iliyopita ilikuwa sikukuu ya mavuno kanisani. Nilipeleka kapu la maparachichi na perege watatu wa bwawa la marehemu baba yako, na mchungaji akasema mbele ya watu wote kwamba perege wa Sefania hawana mfano. Nilitamani kaka yangu angekuwepo asikie.

Utashangaa kwa nini nakuandikia wakati uliniachia simu. Masikio yangu, tangu ile homa ya mwaka juzi, kazi yake imebaki kushikilia miwani; maneno ya watu nayasoma midomoni. Na zile herufi za kwenye simu ni ndogo kama chawa. Simu yako naitumia kama tochi, nayo inamulika vizuri, ahsante. Selemani wa lori la mboga amekubali kubeba barua zangu mpaka Muheza, huko atampa dereva wa gari la Zirai.

Sasa lililonifanya nishike kalamu. Chini ya tuta la bwawa, upande wa nje, pale penye kivuli cha miparachichi na mkuyu, ardhi imebaki kipara. Nimepanda ukoka mara mbili, umekufa mara mbili. Unajua nyumba ya Hadija iko palepale chini, hatua kama arobaini, na watoto wake watatu hupita hapo kuja kuchota maji kwangu. Wanateleza. Tena wageni wanaokwenda kutazama bonde kule mwambani hupita hapa na kulipiga picha bwawa letu, nami naona aibu. Wewe unashinda kwenye kitalu cha miche, huwezi kukosa jani linalopenda kivuli na kufunika ardhi haraka. Nitumie, au niambie jina lake.

Nasema haraka kwa sababu ya mvua za vuli. Si kwa jingine.

Shangazi yako,
Yunis


Zirai, Muheza
2 Julai 2023

Shikamoo shangazi,

Barua yako imenifikia ikinuka vitunguu, kwa hiyo Selemani ni mwaminifu. Sisi hatujambo. Scholastica anakuamkia sana. Wiki hii amefunga kidole kwa kukatwa na panga la kufyekea iliki, lakini kidonda kinakauka. Kitaluni tuna kazi nyingi ya karafuu na mdalasini. Huku mvua haina adabu, inanyesha hata inapotakiwa kupumzika.

Kuhusu kile kipara. Ukoka ni mtoto wa jua, shangazi. Ukiuweka kivulini unakonda, unakuwa mweupe, kisha unakufa. Usiulaumu. Kwenye kivuli ninaona mimea miwili. Wa kwanza ni karanga za mapambo, zile zinazotambaa zenye maua ya njano. Hazizai karanga za kula, kwa hiyo kuku na watoto hawatazichimbua. Wa pili ni kongwa, lile jani la maua ya buluu linalotusumbua kwenye maharage. Najua utacheka, mwalimu mzima apande magugu. Lakini kongwa linashika udongo na halichagui mahali. Usipande kamwe ule mmea wenye majani ya zambarau mgongoni ambao watu huweka kwenye makopo barazani. Utaruka mpaka bwawani na hutautoa tena.

Nimefunga vipandikizi vya karanga kwenye gunia lenye maji. Panda kila kimoja shubiri moja kutoka kwa mwenzake. Halafu nijibu haya: jua linafika pale kwa muda gani kwa siku? Udongo ni mkavu au una unyevu? Na hicho kipara kiko upande gani hasa, wa mkuyu au wa miparachichi?

Mwanao,
Alen


Irente
30 Julai 2023

Mwanangu Alen,

Marahaba. Mpe pole Scholastica. Mwambie aweke asali kwenye kidole, asiweke majivu. Umeandika "unyevu" sawasawa. Zamani ulikuwa unaandika "unyefu", nikakuchapa. Nimefurahi kwamba haikupotea bure.

Habari za hapa ni za kawaida. Mussa, balozi wetu wa nyumba kumi, ameezeka upya. Hadija amepata kazi ya kuokota maharage kwa wenye shamba la juu, kwa hiyo mchana watoto wanabaki na Mwanamisi, yule binti mkubwa wa miaka kumi na mmoja.

Nakujibu kwa utaratibu. Jua linafika saa tano mpaka saa saba, basi. Upande ni wa miparachichi, chini kabisa ya pale uliposimama ule mti mkubwa wa muwati kabla hamjajenga tuta. Na udongo una unyevu.

Karanga zako zimeoza. Nilizipanda siku ileile, shubiri kwa shubiri. Baada ya wiki mbili nimevuta kimoja nikakuta mizizi myeusi kama uzi wa kushonea viatu. Ni kitu cha ajabu, kwa maana mvua hatujaiona tangu mwanzo wa Juni. Lakini pembeni yake magimbi yameota yenyewe bila kupandwa, majani mapana kuliko sinia, pamoja na kangaga mabichi yaliyojikunja. Nadhani ni umande wa miti.

Sasa nitafutie jani linalokunywa maji. Au nipande magimbi zaidi?

Shangazi yako,
Yunis


Zirai
20 Agosti 2023

Shikamoo shangazi,

Samahani nimechelewa, kazi zimebana. Tu wazima. Kidole cha Scholastica kimepona.

Usipande magimbi. Kuyavuna ni kuchimba, nami sitaki pale pachimbwe. Usichimbe chochote chini ya tuta, hata shimo la mche. Kama ni lazima upande, nimekutumia miche sita ya iliki. Iweke mbali, karibu na mkuyu, itakunywa maji bila kusumbua.

Wanatangaza redioni kwamba vuli ya mwaka huu itakuwa na mvua za El Nino. Nilikuwa nafikiri, kabla ya hapo ungeziba ule mfereji unaoingiza maji bwawani, kiwango kishuke kidogo. Si kwa ubaya. Ni kwa ajili ya usafi.

Na swali moja: hapo palipolowana, kuna maji yanayotembea? Kama yanatembea, ni meupe au yamechanganyika na udongo?

Mwanao,
Alen


Irente
10 Septemba 2023

Alen,

Salamu kwako na kwa Scholastica. Sisi wazima. Mama yake Hadija aliletwa hapa kutoka Bungu akiwa mgonjwa wa miguu, sasa wanalala watano kwenye vyumba viwili.

Nimefundisha miaka thelathini na nne. Mtoto anayeandika kurasa mbili mwezi wa saba na mistari kumi mwezi wa nane ana jambo. Kwa nini nizibe mfereji? Usafi gani? Perege wa Krismasi ndio wanakua sasa. Nikishusha maji, korongo watawamaliza. Na bwawa hili ndilo kitu cha mwisho baba yako alichokifanya akiwa na nguvu zake. Alikuwa anakaa juu ya tuta kila jioni na fimbo yake, akihesabu viputo vya samaki. Unaniambia nilikaushe kwa sababu redio imesema?

Miche ya iliki nimepanda karibu na mkuyu kama ulivyosema. Imeshika.

Umeniuliza rangi ya maji. Nitakujibu siku nyingine.

Ninakwenda pale mara tatu kwa siku sasa. Sijui nakwenda kutafuta nini. Nasimama, natazama, narudi.

Shangazi yako,
Yunis


Zirai
5 Oktoba 2023

Shikamoo shangazi,

Sitaanza na habari za nyumbani. Nikianza nazo nitaishia nazo.

Ule muwati uliosimama pale mwaka 2016, baba aliniagiza niukate na kisha niking'oe kisiki chote pamoja na mizizi kabla hatujaanza kupanga udongo wa tuta. Alisema, "Alen, mti ukibaki ndani ya tuta utaoza, na ukioza utaacha mwanya, na maji hayasahau mwanya." Nilichimba siku mbili. Mizizi ilikuwa minene kama paja langu. Nami nilikuwa nimeshapata barua ya kazi ya huku Zirai na nilitakiwa kuripoti Jumatatu. Baba alipokwenda hospitali kupimwa, nikashindilia udongo juu ya kisiki. Aliporudi akaniuliza, "Kimetoka?" Nikamwambia, "Kimetoka, nimekipasua kuni." Akaniambia ahsante.

Uliponiandikia kwamba upande ni wa miparachichi, chini ya muwati, na kwamba karanga zimeoza wakati wa kiangazi, nilijua. Niliisoma ile barua mara tano. Si umande, shangazi. Ni maji ya bwawa yanatokea kwenye mizizi iliyooza. Kama maji ni meupe, bado kuna muda. Kama yana rangi ya udongo, tuta linaliwa kwa ndani.

Nilikutumia iliki badala ya kukuambia. Ningeweza kuja. Nauli ninayo na ruhusa ningepewa. Ningeweza kumpigia simu Mussa akakwambia. Kila siku nilisema kesho.

Tafadhali toa maji. Yatoe taratibu, usifungue kwa mkupuo, tuta lililolowa linaweza kuporomoka. Na Hadija asilale pale.

Alen


Irente
8 Oktoba 2023

Mwanangu Alen,

Natumaini mko wazima. Tangu Agosti sijapata neno lako. Selemani hajapita wiki mbili, wanasema lori lake limekufa huko njiani, kwa hiyo hii nampa Mussa aipeleke stendi Lushoto, ipande basi.

Uliniuliza rangi ya maji nami nikakwepa. Hadi wiki iliyopita yalikuwa meupe, membamba kama mkojo wa paka. Mvua ya kwanza ilinyesha Jumatano. Ijumaa maji yakawa na rangi ya chai ya maziwa. Leo nimekuta tundu. Ngumi yangu inaingia.

Kuna jingine. Mwezi wa nne, wakati wa masika, kipande cha udongo kiliteleza pale, ukubwa wa mlango. Nilikiona asubuhi kabla ya mtu mwingine. Nikachukua majani makavu ya migomba nikafunika. Kile kipara nilichokuandikia ndicho hicho. Sikukwambia kwa sababu niliogopa utaniambia tulivunje bwawa la baba yako, au utaniambia nihamie kwako Zirai. Sikumwambia Hadija kwa sababu niliona aibu kumwambia jirani kwamba nyumba yake iko chini ya kitu changu kibovu. Nikasema nikipata jani zuri, litashika udongo na mambo yatakwisha.

Njoo, Alen. Sitaki miche.

Shangazi yako,
Yunis


Irente
29 Oktoba 2023

Alen,

Sote tu wazima. Naanza na hilo ili usome mengine ukiwa umekaa.

Baada ya kumpa Mussa ile barua nilisubiri siku mbili. Siku ya tatu Mwanamisi alikuja kuchota maji, akateleza pale pale, akanyanyuka akacheka, akaniamkia. Nikaweka chini ungo wangu, nikamfuata mpaka kwao, nikamwambia mama yake kila kitu, pamoja na majani ya migomba.

Hadija alitoka, akapanda tutani, akafunua kwa mkono wake majani mapya niliyofunikia tundu, akalitazama. Kisha akarudi na kuanza kutoa magodoro nje. Kabla ya mchana mama yake alikuwa kitandani kwangu, na watoto kwenye chumba chako cha zamani.

Bomba la kutolea maji lilikuwa limeziba kwa matope. Mussa akaleta mipira miwili ya kumwagilia, akaitumbukiza bwawani na kuvuta maji kwa mdomo mpaka akameza viluwiluwi. Upande wa mkuyu, penye udongo mgumu, tukachimba mchirizi kidogo kidogo, kimo cha kiganja kwa siku, maji yakaenda korongoni mbali na nyumba. Mimi na Hadija tulishika majembe. Nina miaka sitini na nane. Siku zote hizo Hadija hakuzungumza nami zaidi ya "sogea" na "shika hapa". Siku ya tisa wewe ukampigia simu Mussa, akaniandikia kwa kijiti ardhini: ALEN ANASEMA TOA MAJI. Nilitaka kucheka.

Jumanne tarehe 24, saa sita mchana, ilikuja mvua ambayo sijawahi kuiona. Bwawani maji yalikuwa yamebaki ya magotini. Nilikuwa dirishani. Sikusikia kitu, wewe unajua, lakini nilihisi sakafu. Nikaona tuta linafunguka chini ya miparachichi kama mtu anayefungua mdomo, na mparachichi mmoja ukalala taratibu. Maji na matope yalichukua banda langu la kuku na maharage yote ya Hadija, yakaingia chumba chake cha nyuma mpaka usawa wa kitanda. Chumba kilikuwa kitupu. Hadija alikuwa amesimama nyuma yangu amemshika Mwanamisi mabega. Kama bwawa lingekuwa limejaa, nisingekuwa na la kukuandikia.

Barua yako ya tarehe tano imenifikia jana, ikiwa kwenye gunia tupu la Selemani.

Mvua ilipopungua nilikwenda kutazama. Kisiki kipo. Kimekuwa kama sifongo, na mizizi imekuwa mabomba. Mkono wangu uliingia mpaka begani.

Nimekulea tangu mama yako afariki, kwa hiyo nakupenda na hilo halibadiliki. Lakini nina hasira nawe, na kaka yangu alikufa akiwa amekushukuru kwa uongo. Sijui niiweke wapi hasira hiyo, kwa maana na mimi nilifunika.

Mimi nimeshamwambia Hadija la kwangu. La kwako sitamwambia, na barua yako sitamsomea. Njoo umwambie kwa mdomo wako.

Yunis


Zirai
10 Desemba 2023

Shikamoo shangazi,

Nimefika salama. Barabara ya kushuka Mombo ilikuwa na mawe lakini wanapitisha. Scholastica amefurahia jamu ya matunda damu, anasema hongera sana. Viganja vyangu vina malengelenge, siwezi kushika kalamu vizuri, utanisamehe mwandiko.

Siku naondoka uliniambia uliona kwa mbali midomo yetu ikicheza tu, na kwamba Hadija hataki kukurudia maneno. Uliniagiza nikuandikie yote. Haya ndiyo.

Nilimkuta anapukuchua maharage aliyopewa na watu wa kanisani kwenu. Nikakaa kwenye kigoda. Nikamwambia, "Dada Hadija, lile tuta nililijenga mimi. Ndani nilizika kisiki, nikamdanganya marehemu baba kwamba nimekitoa."

Hakuinua kichwa. Akauliza, "Ulijua kitaoza?"

"Nilijua."

"Na shangazi yako alipokuandikia kwamba pamelowana, ukajua ni hicho?"

"Nikajua. Mwezi wa nane."

"Mwezi wa nane," akasema. Aliacha kupukuchua. "Mwezi wa nane ndipo nilipomhamishia Mwanamisi chumba cha nyuma. Mbele kulikuwa na baridi, anakohoa. Nilimtandikia mwenyewe."

Nikasema, "Naomba unisamehe."

Akaniambia, "Usiniharakishe."

Mama yake alikuwa anatutazama kutoka mlangoni. Halafu Hadija akaniuliza, "Jembe unalo?" Nikamwambia lipo la shangazi. Akasema, "Basi nenda kakitoe. Chote. Nitakuja kuhakikisha."

Ndiyo sababu uliniona kule siku nne, na ndiyo sababu nilimkataza Mussa kunisaidia. Kila jioni alikuja akasimama ukingoni, akanyoosha kidole penye mzizi uliobaki, akaondoka. Siku ya nne alishuka mwenyewe shimoni na fimbo, akachoma kila mahali. Akasema, "Hapo sawa."

Nilitaka aseme zaidi. Nimekuja nalo hilo mpaka huku.

Tuta nisingependa lijengwe tena. Lakini chemchemi inayolisha ule mfereji haitakauka, na lile dimbwi dogo lililobaki litakuwepo siku zote, maji ya kufika kwenye goti tu. Ukingo wake wa kivulini uko wazi, masika yatauchimba. Unahitaji jani. Ningependa kukuchagulia, ila naona haya kuchagua tena. Niambie unataka nini nami nitakitafuta.

Mwanao,
Alen


Irente
14 Januari 2024

Mwanangu Alen,

Marahaba, na heri ya mwaka mpya kwako na kwa Scholastica. Krismasi tulikula perege tuliowaokoa. Mussa aliwahifadhi kwenye pipa lake, wengine tukawagawa. Wanne nimewaacha dimbwini. Chumba cha Hadija kimepigwa lipu upya na watu wa mtaa, waislamu kwa wakristo, na juzi amerudi kwake na watoto. Nyumba yangu imekuwa kubwa ghafla. Nimegundua kwamba nilikuwa nahisi miguu yao sakafuni.

Kuhusu jani. Nilikuwa nimefikiria kangaga, kwa kuwa ni mazuri na yanapenda pale. Nikamwita Hadija tukasimama wote ukingoni, nikamwonyesha. Akatikisa kichwa. Akachukua kalamu na daftari langu, kwa sababu hataki kunipigia kelele, akaandika: "Mwalimu, panda unachopenda, lakini kisipite kifundo cha mguu wangu. Nikipita nataka kuona udongo."

Kwa hiyo ni kongwa. Hatukuhitaji kitu kutoka kwako, lilikuwa tele kwenye shamba lake. Tulipanda wiki mbili zilizopita, Jumamosi asubuhi, yeye upande ule, mimi upande huu, shubiri kwa shubiri. Katikati tumeacha nafasi, ardhi inaonekana. Limeshaanza kutambaa. Wageni wa kupiga picha hawana tena cha kupiga.

Masika yanakuja na ninaogopa. Sasa nasema hivyo, hata kwa Mussa nimesema. Asubuhi natoka kutazama rangi ya maji, na mara nyingi namkuta Hadija ameshafika. Hatuulizani tunatafuta nini.

Leo tulipokuwa tumesimama hapo alinigeukia ili nimwone mdomo vizuri. Akasema, "Alen hajambo?"

Nikamwambia hajambo.

Akachukua ndoo zake akaenda. Nimeona nikuandikie leo leo, Selemani anapita kesho.

Shangazi yako,
Yunis